Mbweha wa Mzee wa China Alivyonitangulia Bafwasende

Ninyi mnaokaa kwenye benchi ya duka langu mmeniuliza sana, na kila mmoja ana habari yake. Mmoja anasema nilifukuzwa na chui. Mwingine anasema nilimwoa huyo chui. Wa tatu, ambaye nitamsitiri nisimtaje, anasema chui ni mimi mwenyewe, ndiyo maana suruali yake ilitoka fupi. Suruali ilitoka fupi kwa sababu alileta kitambaa kifupi. Hayo mengine nitayaeleza hapa mara moja tu, kisha mniache nishone.

Kisangani, kwa Mama Vero

Safari yangu ilianzia kwenye karanga. Baada ya uhuru, wazungu wengi walipoondoka, vitu vyao vilisambaa mjini: viti, mapazia, mbwa, vitabu. Kitabu kimoja kilimfikia Mama Vero, yule anayeuza karanga karibu na soko, naye akakiona kinamfaa sana, maana karatasi yake ilikuwa nene na haipitishi mafuta upesi. Akawa anachana ukurasa, anaukunja, anatia karanga, anauza. Siku moja nilimaliza karanga nikaisoma karatasi.

Ilikuwa ya Kifaransa, na ilieleza habari za mzee mmoja wa China, wa zamani za kale, aliyefanya mtihani wa serikali akashindwa, akarudia akashindwa, mpaka ndevu zikawa nyeupe. Basi watu husema aliweka birika la chai na tumbaku kando ya njia, na kila mpita njia aliyemsimulia jambo la ajabu alikunywa na kuvuta bure. Mzee akayaandika yote: mizimu, majini, na hasa mbweha wanaojigeuza wanawake.

Nilimpenda papo hapo. Mimi nami nilifanya mtihani wa ukarani nikashindwa, nikarudia nikashindwa, na ndiyo maana leo mna fundi wa nguo. Jina la mzee sikulijua, kwa kuwa lilikuwa kwenye jalada, na jalada Mama Vero alikwisha kuzibia tundu la paa lake.

Nikaanza kula karanga kwa bidii. Tumbo langu mliliona. Shida ni kwamba Mama Vero hakuchana kwa mpangilio, kwa hiyo nilipata katikati ya kisa hiki, kichwa cha kisa kile, na mwisho sikuupata hata mmoja. Kisa kimoja kilinishika kweli. Kijana maskini anasoma peke yake katika nyumba iliyoachwa. Jioni moja anaingia mwanamke mzuri, mcheshi, anayempikia, anamtengenezea nguo na kumsahihishia makosa yake ya masomo. Kijana anampenda, halafu anagundua kwamba ni mbweha. Mwanamke anamwuliza kama sasa anataka aondoke au abaki. Ukurasa ukaishia hapo. Nilimwuliza Mama Vero ule unaofuata amemwuzia nani, akanijibu kwamba yeye anauza karanga, hauzi mwisho wa hadithi.

Nilikuwa bado nanuna aliponijia Tonton Ferdina, dereva wa lori. Mnamjua: mtoto wa wavuvi wa maporomoko anayependa samaki na kuchukia maji. Alitoka Bafwasende na ujumbe wa Papa Sefu, baba yake Zaina, mchumba wangu. Wakati ule uasi ulikuwa umeshika njia yote ya mashariki, na vizuizi vililindwa na vijana waliojiita simba, waliokunywa dawa ili risasi zigeuke maji. Kapteni wao wa pale Bafwasende alimwona Zaina kisimani, akampenda. Dawa ilimkataza kugusa mwanamke mpaka vita viishe, kwa hiyo alitaka kumweka akiba. Papa Sefu, akiwa hana namna ya kumwambia hapana mtu mwenye bunduki, alisema binti ana mchumba. Kapteni akajibu kwamba ni sawa, mchumba na aonekane kabla ya sala ya Ijumaa. Asipoonekana, Zaina anahamia kambini.

Niliogopa, siwafichi. Nilimpenda Zaina tangu alipokuwa akisoma hapa kwa masista, aliponiletea sketi nimpindie upindo, akanirudishia, nikaishona, akanirudishia tena, akisema upindo haujanyooka. Hakuna mteja aliyewahi kunitesa vile, na hakuna niliyemngojea vile. Nilikunja gauni jeupe nililokuwa nimemshonea, nikalitia kwenye sanduku la bati, nikanunua karanga za njiani, nikapanda lori.

Kizuizi cha kwanza

Tonton Ferdina ana ugonjwa mmoja: akinyamaziwa anasinzia, na akisinzia anaendelea kuendesha. Kwa hiyo nilimsimulia visa vya mzee wa China tangu tulipotoka mjini. Alivipenda, isipokuwa alikasirika kila kisa kilipokatika, na kila alipokasirika lori liliingia shimoni.

Kizuizi kilikuwa gogo lililolazwa juu ya mapipa. Vijana walivaa majani kichwani na hirizi shingoni, na mkubwa wao alikuwa na kofia ya plastiki ya kuogea, ya mama fulani wa kizungu, aliyoivaa kwa heshima kubwa. Walituambia tusiwakaribie, maana ukimgusa mtu wa dawa, dawa yake inakufa. Kutupekua wakatupekua kwa fimbo ndefu. Gauni langu la arusi lilitoka sandukuni likining'inia kwenye ncha ya fimbo, na wote wakarudi nyuma kulitazama. Nikaeleza kwamba mimi ni fundi wa nguo, na hilo ni la mke wangu mtarajiwa wa Bafwasende. Wakauliza kama mimi ni mpelelezi. Tonton Ferdina, kwa kutaka kuniokoa, akasema mimi ni mtu wa masimulizi na sijui kazi nyingine, jambo lililoniuma kidogo kama fundi.

Mwenye kofia akaketi juu ya gogo akasema nisimulie basi. Nikawapa kisa cha yule kijana na mwanamke wake. Walisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye mnyama, nikamtaja kwa Kifaransa kama karatasi ilivyomtaja.

"Renard iko nini?" mwenye kofia akauliza.

Kiswahili cha vitabuni kina neno mbweha, lakini nani katika msitu wetu amewahi kumwona mbweha? Mimi mwenyewe namjua kwa karanga tu.

"Iko sawa imbwa," nikasema, "lakini mukia yake iko mukubwa, na iko na akili mingi."

"Donc iko imbwa."

"Haiko imbwa."

"Weye mwenyewe umesema iko sawa imbwa."

Wakaanza kubishana. Mwanamke mbwa hawakumtaka hata kidogo, walisema ni matusi kwa yule kijana aliyejisomea. Mmoja aliyekuwa mwindaji kabla ya vita akapendekeza fungo, kwa sababu fungo ana mkia, ana werevu, na harufu yake mtu hawezi kuisahau. Wakakubaliana fungo. Kisha wakataka mwisho. Nilipowaambia mwisho umeuzwa na karanga, waliona nawaficha, na mwenye kofia akatangaza kwamba bila mwisho hakuna kupita.

Jua lilifika utosini tukiwa pale. Mwishowe kila kijana akatoa mwisho wake. Mmoja alisema fungo amle mume, mwingine amzalie mapacha, na mwindaji alitaka auawe apikwe kwa mchuzi wa mawese. Ugomvi ukawa mkubwa hadi wakasahau kwa nini tupo, na Tonton Ferdina akalisukuma gogo yeye mwenyewe, tukapita polepole. Kando ya njia alikuwa amesimama mchuuzi mmoja na baiskeli yake iliyojaa madumu ya mafuta ya mawese. Alikuwa amesikiliza yote. Nilipotazama nyuma nilimwona anapanda baiskeli.

Matope

Mvua ikanyesha, lori likazama hadi ekseli. Tulichimba, tukatia matawi, tukasukuma, nalo likazidi kutulia kama lililofika kwake. Yule mchuuzi wa mafuta akatupita kwa baiskeli, akatupungia mkono kwa adabu, akaendelea mbele.

Watu wa kijiji cha karibu walitupokea vizuri, wakatuletea chungu cha mchuzi wenye moshi. Niliuliza ni nyama ya nini. Wakasema ya pori. Nikauliza ya mnyama gani wa pori. Wakasema mnyama mwenyewe. Nikachungulia, nikaona kidole. Tonton Ferdina akala sehemu yake na yangu, akisifia sana, mimi nikala kwanga, ule mkate wa muhogo, na karanga huku nikihesabiwa kuwa na madeko. Mama mwenye nyumba alinihurumia, akanichomekea funza wa mawese kijitini, wanono, wanaosogea bado. Nilimwambia nimeshiba.

Siku ikapita, ikaja nyingine, na lori lilikuwa palepale. Alhamisi asubuhi nilianza kutembea huku na huku njiani na sanduku kichwani. Nilimwona Zaina kila nilipofumba macho, akiwa amesimama mlangoni anatazama barabara tupu. Tonton Ferdina akaja akaniambia nisilie mbele ya watu wasiojulikana. Kijiji kizima kikatoka, na mama wa funza ndiye aliyesukuma kwa nguvu kuliko wote. Lori likang'oka.

Bafwaboli

Tulisimama Bafwaboli lori lipoe. Kulikuwa na mama mmoja anayeuza lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki wa chumvi. Nilikuwa na njaa ya kweli, nikaketi. Alipoona nakula vizuri akavuta kigoda karibu, akauliza kama nimesikia habari iliyoshuka kutoka upande wa Kisangani.

Nikasema sijasikia. Akanieleza kwamba kuna kijana mmoja wa mjini, mtu wa kujisomea, maskini, anayekaa peke yake, aliyependana na mwanamke mzuri sana wa Bafwasende. Lakini yule mwanamke si mtu. Ni chui. Mchana anapika na kushona, jioni anavaa ngozi yake.

Nilitabasamu. Nilifurahi kusikia kwamba huku nako wana visa vyao, vinavyofanana kidogo na vya mzee wangu wa China. Na kwa kuwa kisa changu kilinikatikia palepale, nikamwuliza kwa hamu mwisho wake.

"Mwisho haiko bado," mama akasema. "Bwana-arusi iko njiani. Banasema iko fundi ya nguo, iko na gauni mweupe ndani ya sanduku ya bati."

Akatazama chini ya meza, palipokuwa na sanduku langu. Nami nikatazama. Akasimama, akakichukua kigoda chake, akaenda kukaa upande wa pili wa jiko.

Yule mchuuzi wa mafuta alikuwa palepale sokoni, anapimia watu kwa chupa. Nilimshika shati. Nikamwuliza kwa nini fungo amekuwa chui, na kwa nini mwanamke wa China amehamia Bafwasende. Hakuona haya hata kidogo. Alisema katika kijiji cha kwanza alisimulia kama alivyosikia, ila walipouliza mwanamke anakaa wapi, hakujua China iko upande gani, akasema Bafwasende, kwa kuwa ndiko nilikokuwa naenda.

"Na chui?"

"Fungo haiogopeshi, fundi. Batu balikuwa banalala."

Tonton Ferdina alicheka mpaka akashika mti. Mimi sikucheka. Katika nchi ile chui si jambo la mchezo. Zamani za babu zetu walikuwako watu waliowaua wenzao kwa kucha za chuma na kumsingizia chui, na hadi leo wazee wakilitaja jambo hilo wanapunguza sauti. Mtu akisemwa kuwa ni chui, nyumba yake inaweza kuchomwa naye akiwa ndani. Nilikuwa nakwenda kumwokoa Zaina mikononi mwa kapteni, na sasa nilikuwa nimemtangulizia hadithi mbaya kuliko kapteni. Nilimlaani mzee wa China na birika lake. Kisha nikamwomba Tonton Ferdina aendeshe, na safari hii hakusinzia, maana nilikuwa nalia kwa sauti.

Bafwasende

Tulifika Ijumaa, jua likiwa halijapanda sana. Nilitazama kama kuna moshi juu ya mji. Moshi ulikuwapo, lakini wa majiko.

Kwenye kizuizi vijana walituona, wakasogea kando. Hakuna aliyechukua fimbo. Kapteni mwenyewe alisimama mbali, ng'ambo ya mfereji, mtu mzima mwenye masharubu na bunduki aliyoikumbatia.

"Weye ndiye fundi?"

"Ndiyo, mon capitaine."

"Gauni iko?"

Nikafungua sanduku, nikamwonyesha. Alipiga hatua moja nyuma.

"Bon. Pita, chukua muke yako. Na hii leo, haiko kesho."

Gogo likaondolewa kwa haraka ambayo sijaiona tena katika vita vile.

Mbele ya nyumba ya Papa Sefu, kwa umbali wa heshima, majirani walikuwa wameacha kuku waliofungwa miguu, mikungu ya makemba, zile ndizi za kupika, na mbuzi mmoja aliyekuwa anakula kamba yake. Papa Sefu alinipokea akiwa amekonda. Alisema, "Mwanangu, miaka yote hii nauza sabuni mji huu, hakuna aliyenipa hata yai. Sasa sijui niwashukuru au nihame." Ndani kulikuwa na harufu ya kuku wa kukaanga.

Zaina akatoka na mwiko mkononi. Alikuwa mzima. Nikakaa juu ya sanduku. Nilianza kumwomba msamaha, akanikatiza. Alisema habari ilipomfikia alijua mara moja kwamba ni yangu, kwa sababu haikuwa na mwisho. Papa yake alitaka kuzunguka nyumba kwa nyumba akikanusha. Zaina akamwambia angoje kwanza.

Kapteni alikuja Alhamisi kuhakikisha mwenyewe. Zaina alikuwa amekaa kizingitini, amejifunga kitenge cha manjano chenye madoa meusi, anakata nyama ya mbuzi. Kapteni akauliza kutoka njiani kama yanayosemwa ni kweli. Zaina aliacha kukata. Alinusa hewa kidogo, akamtazama toka miguuni hadi kwenye masharubu.

"Kapteni," akasema, "leo ulikula chumvi?"

"Sababu gani?"

"Hapana kitu. Miye minapenda nyama ya chumvi."

Dawa ya wale watu inawakataza kugeuka nyuma. Kapteni aliondoka kinyumenyume, uso umemwelekea Zaina, mpaka akatumbukia kwenye mfereji. Kwa hiyo simba wa Bafwasende alishindwa na chui, aliyekuwa fungo, aliyekuwa mbwa, aliyekuwa mbweha. Nilimwambia Zaina niliogopa watamchoma. Akasema naye aliogopa, usiku kucha hakulala, lakini alichagua kuogopwa kuliko kuwekwa akiba. Hapo mimi nikaushika ule mwiko pamoja na mkono wake, mbele ya baba yake, na Papa Sefu akaenda kumtazama mbuzi.

Tulioana baada ya sala. Shehe alikuja kwa kuwa ni kazi yake, na mashahidi walikaa karibu na mlango. Waalikwa wengine walituma salamu. Tonton Ferdina alikula kwa niaba yao wote. Zaina alilivaa gauni, akatazama chini, akageuka mara mbili.

"Fundi," akasema, "upindo haijanyoka."

Kurudi

Kurudi hakuna la kueleza, maana hakuna aliyetuzuia. Vizuizi vilifunguka tukiwa bado mbali. Bafwaboli yule mama wa lituma alitupa chakula bila kutaka kitu, ila alikiacha barabarani akakimbia. Kwenye kizuizi cha mwisho mwenye kofia ya kuogea alijificha nyuma ya pipa, lakini hakuweza kujizuia.

"Fundi, mwisho uliipata?"

Zaina akatoa kichwa dirishani. "Bado," akasema. "Tuko tunaitengeneza."

Nilimfikiria yule mzee njia nzima. Hakujua kama kuna mto Tshopo duniani. Alikaa tu na chai yake, akaokota maneno ya wapita njia, na maneno hayo yakavuka bahari, yakatafsiriwa, yakachanwa, yakaingia chumvi na karanga, na mbweha wake akafika Bafwasende kabla yangu akamlinda mke wangu. Ndiyo maana mnaliona birika pale dukani. Anayenisimulia jambo la ajabu anakunywa bure. Ninyi mnakunywa bure bila kusimulia.

Wiki ile tuliyorudi nilimpeleka Zaina kwa Mama Vero. Tukanunua karanga. Zaina akazimimina zote kiganjani mwangu, akanyoosha karatasi, akaanza kusoma, na nilivyoona uso wake nikajua ni ukurasa ule niliokuwa nautafuta. Kifaransa chake ni cha masista, kizuri kuliko changu. Alisoma mpaka chini. Tuliporudi dukani akaikunja karatasi ikawa ndogo, nene, akaiweka chini ya mguu wa cherehani yangu, ule mfupi unaocheza.

Nikamwuliza imeandikwa nini. Nilijaribu kuuliza kama mtu asiyejali.

"Imeandikwa yule muke alibakia," akasema, akaenda kupika.

Cherehani tangu hapo haichezi, na mishono yangu imenyooka, hata yeye amekiri. Kwa hiyo nawaomba, mkija kuchota chai yangu, yeyote kati yenu asije akauinua ule mguu.